Mwenye Kasri Asingoje Chumba cha Mwisho: Namna ya Kuongoza Curse of Strahd

Tracy Hickman, mtunzi wa michezo, amesimulia kwamba wazo la Ravenloft, kisa cha mchezo wa mezani ambamo kila mchezaji huigiza mhusika wake, lilimjia aliporudi nyumbani kutoka mchezoni akiwa na jambo linalomsumbua. Wahusika wao walikuwa wakipita katika mashimo ya chini ya ardhi yaliyojaa viumbe wa kila namna, wakamkuta humo mnyonya damu aliyekaa bila sababu yoyote, naye Hickman akajiuliza yule kiumbe alikuwa akifanya nini mahali kama pale. Yeye na mkewe Laura walitunga jibu la swali hilo, wakalicheza na marafiki zao kila ilipofika Halloween, na mwaka 1983 kampuni ya TSR ikalichapisha kama kijitabu cha kurasa 32 kwa ajili ya Advanced Dungeons & Dragons. Mwaka 2016 kampuni ya Wizards of the Coast ikatoa toleo pana la kisa hicho hicho, Curse of Strahd, kitabu cha kurasa 256 kilichosimamiwa na Chris Perkins kwa ushauri wa akina Hickman, ambacho huwachukua wahusika katika daraja la 1, yaani kiwango cha chini kabisa cha uwezo, na kuwafikisha daraja la 10.

Swali la Hickman ndilo ninalomwekea mbele kila anayetaka kuongoza mchezo huu. Mwongozaji, yaani anayesimulia na kuendesha mchezo, asiyeweza kusema Strahd, mnyonya damu mwenye kasri, yuko wapi saa hii, anataka nini, na amesikia nini kuhusu wahusika, hajawa tayari kuketi mezani hata kama amekariri ramani zote za kitabu. Maelekezo yanayofuata yamejengwa juu ya jambo hilo moja, nami nayaandika kwa ajili ya mtu anayejua tayari kanuni za msingi za toleo la tano la Dungeons & Dragons, mwenye wachezaji wanne au watano, ambaye sasa ana kitabu mkononi na hajui aanzie wapi.

Soma kisa cha Strahd kabla ya kusoma ramani

Strahd von Zarovich alikuwa mtu wa vita. Aliliteka bonde la Barovia, akajenga kasri juu ya mwamba na kuliita Ravenloft kwa heshima ya mama yake, Malkia Ravenovia, kisha akamwita mdogo wake Sergei aje kuishi naye. Kufikia hapo ujana wake ulikuwa umeishia vitani. Alimtamani Tatyana, binti wa bonde lile, lakini Tatyana alimpenda Sergei. Strahd akafunga mapatano na nguvu za giza ili asife, na siku ya harusi akamuua ndugu yake, akamfukuza bibi harusi hadi kwenye ukuta wa kasri, ambako binti huyo alijirusha akapotelea katika ukungu wa chini. Walinzi walimpiga Strahd mishale, lakini hakufa. Tangu siku hiyo Barovia imezungukwa na ukungu usiopitika, na Tatyana huzaliwa upya kizazi baada ya kizazi akiwa na jina jingine. Kila mara Strahd humtafuta, na kila mara humkosa.

Ukisoma haraka utaona kisa cha mapenzi yaliyokosa bahati, na waongozaji wengi hukichezesha hivyo. Naona ni kosa kubwa. Strahd husema anapenda, ilhali anachotaka ni kumiliki, na kila baya lililompata lilitokana na jambo alilolichagua akiwa na akili timamu. Huzuni yake ni ya kweli, na ndiyo inayomfanya atishe, kwa sababu anaitumia kujihesabia haki. Andika sentensi hiyo juu ya karatasi yako ya maandalizi na uirudie kila unapotaka kumpa maneno ya kusema.

Kuna suala la jina ambalo mwongozaji anayetumia Kiswahili lazima aliamue mapema. Wengine wamependekeza kumwita Strahd mumiani, kwa kuwa ndilo neno letu la pwani linalohusu damu na hofu ya usiku. Mimi sikubaliani nao. Mumiani wa masimulizi yetu ni mtu hai anayewinda watu ili damu yao ikauzwe au ikafanywe dawa, na hofu yake ni hofu ya biashara na ya wakubwa walio nyuma yake. Strahd ni mfu anayetembea, mtawala wa nchi, na hamnyonyi mtu damu kwa ajili ya soko. Ukitumia neno mumiani, wachezaji watamtafuta mnunuzi asiyekuwepo. Neno mnyonya damu linatosha, na wanakijiji wa Barovia wenyewe aghalabu hawalitaji hata hilo. Wao humwita shetani Strahd.

Soma pia maelezo ya kitabu kuhusu roho za watu wa Barovia, kwa sababu yatakuongoza namna ya kuwaigiza. Kila anayekufa katika bonde hili roho yake hunaswa humo humo, na takriban mtu mmoja tu kati ya kumi ndiye aliyezaliwa na roho. Waliobaki wanaishi, wanakula na kulala, lakini hawacheki wala hawalii kwa dhati, na mavazi yao ni ya rangi za kufifia. Basi mchezaji anapozungumza na muuza duka, amua kwanza kama mtu huyo ana roho au hana. Asiye na roho ajibu kwa maneno machache, asitazame machoni, asiulize mgeni katoka wapi. Mwenye roho akitokea baada ya watu watatu wa namna hiyo, wachezaji watamng'ang'ania bila wewe kuwaambia.

Kikao cha makubaliano

Kabla ya dadu kurushwa, kaa na wachezaji wako uwaeleze waziwazi kwamba kisa hiki kina watoto wanaodhuriwa, watu wanaotawaliwa akili, mwanaume anayemwandama mwanamke asiyemtaka, na miji ambayo hakuna njia ya kuondoka. Muulize kila mmoja ni jambo gani asingependa lionekane kabisa, na jipi linaweza kutajwa bila kuelezwa kwa undani. Wape na nafasi ya kukuambia faraghani, maana si kila mtu atasema mbele ya wenzake. Halafu timiza ulichoahidi, kwa kuwa mchezaji atakubali kuogopa pale tu anapojua kwamba anayemwogofya anamjali.

Ramli ya Bibi Eva

Uti wa mgongo wa mchezo huu ni ramli. Kando ya bwawa la Tser, katika kambi ya Wavistani, jamii ya wasafiri, mpiga ramli mzee aitwaye Madam Eva huwapangia wahusika karata tano kwa umbo la msalaba. Ya kwanza huonyesha kilipo kitabu ambacho Strahd aliandika habari za maisha yake, ya pili ilipo Nembo Takatifu ya Ravenkind, na ya tatu ulipo Upanga wa Jua. Ya nne humtaja mtu atakayewasaidia, na ya tano huonyesha ni chumba gani cha kasri ambamo Strahd atakutana nao mwishoni. Kwa sababu hiyo hakuna makundi mawili yanayocheza kisa kile kile: vitu vile vile vitatu huweza kuwa kaburini kwa kundi moja, na kwa jingine vikawa katika kiota cha kunguru au kwenye gari la msafiri.

Karata zenyewe huitwa taroka, na jumla yake ni 54, yaani 40 za kawaida na 14 za daraja la juu. Usihangaike ukikosa kuzinunua, kwa maana seti ya karata za kawaida yenye majokari mawili hutosheleza hesabu hiyo sawasawa. Tenga karata zote zenye sura za watu, ambazo ni 12, ongeza majokari 2, hizo ndizo 14 za juu. Zilizobaki, kuanzia ree hadi kumi katika kopa, uru, shupaza na pau, ndizo 40 za kawaida. Karata tatu za mwanzo huvutwa katika zile 40, na mbili za mwisho katika zile 14.

Sasa nakushauri jambo ambalo baadhi ya waongozaji watalipinga. Vuta karata hizo nyumbani, peke yako, wiki moja kabla ya kikao, kisha soma matokeo yake kwa utulivu. Ukiona vitu vyote vitatu vimeangukia ndani ya kasri, wachezaji hawatakuwa na sababu ya kuizunguka nchi, na zaidi ya nusu ya kitabu chako itakufa. Ukiona Upanga wa Jua umeangukia mahali wanapopita siku ya kwanza, hofu yote itapungua mapema. Katika hali hizo vuta tena karata iliyoharibu mambo, halafu upange seti yako ili mezani zitoke zile ulizokubaliana nazo. Heshima ya ramli mezani haitokani na bahati ya kuchanganya karata. Hutokana na jinsi kila neno la mpiga ramli linavyokuja kutimia, na ili litimie ni lazima uwe umelijua mapema na kutandaza dalili zake njiani.

Maneno ya Madam Eva yameandikwa kwa Kiingereza, na tafsiri ya papo kwa papo huyaua. Andika yako mapema. Mimi nimeona utenzi wa mizani nane unafaa sana, kwa sababu masikio yetu tayari yanajua kwamba usemi wa namna hiyo ni wa kuhifadhiwa. Iwapo, kwa mfano, karata imeelekeza kwenye kinu cha upepo kilichoko barabarani, mpiga ramli anaweza kusema:

Kinu kiko kilimani,
mbawa zi juu hewani,
husaga kitu gizani,
na mkate hunukia.

Yasome mara mbili, polepole, usiyafafanue, na umwache mchezaji mmoja ayaandike. Vikao vitatu baadaye, watakapokutana barabarani na kikongwe mwenye kigari cha maandazi yanayonukia vizuri, utaona kalamu zikitafutwa.

Mpe Strahd sababu ya kubisha hodi

Hili ndilo jambo ninalolijali kuliko yote. Mara ya kwanza nilipoongoza kisa hiki nilimweka Strahd kasrini akingoja, kama vile mwovu wa mwisho anavyowekwa katika michezo mingi, na wachezaji walipomfikia walipigana naye vizuri, wakamshinda, wakaanza kuzungumzia chakula. Hawakuwa na kinyongo naye, kwa kuwa hawakuwa wamewahi kumjua.

Kitabu kinampa kila kitu anachohitaji ili awe karibu. Popo na mbwa mwitu ni macho yake, na wako watu wanaompelekea habari. Wahusika wanamvutia kwa sababu amechoka na upweke na anatafuta mrithi au mwenzi, na kwa sababu wako pamoja na Ireena Kolyana, ambaye ana sura na roho ya Tatyana. Kwa hiyo kila kikao kinapoisha, chukua dakika kumi uandike mistari mitatu: leo amejua nini kuhusu kila mhusika, ni nani kati yao anayempendelea, na atafanya nini kabla ya kikao kijacho. Mistari hiyo ina thamani kuliko kurasa kumi za ramani.

Apate kutokea mara ya kwanza mapema, tena bila vita. Nafasi nzuri kuliko zote ni mazishi ya Kolyan Indirovich, mkuu wa kijiji cha Barovia, aliyemlea Ireena kama binti yake na ambaye moyo wake ulisimama baada ya nyumba yake kushambuliwa usiku baada ya usiku na viumbe wa Strahd. Ireena hakubali kuondoka kijijini kabla baba yake hajazikwa, na wahusika ndio watakaosaidia kubeba jeneza hadi kanisani kwa padre Donavich. Wakati udongo unafukiwa na giza linaingia, Strahd asimame nje ya uzio wa makaburi, ashuke farasi wake, avue glavu, na aseme kwa sauti ya upole: «Poleni kwa msiba.» Usiongeze kitisho. Yule aliyesababisha kifo anatoa rambirambi kwa aliyefiwa, na kwa adabu zetu mfiwa anapaswa kumwitikia. Wachezaji wako watajua wenyewe kwamba wamekutana na nani.

Lugha atakayotumia Strahd iwe ya heshima kupita kiasi. Yeye ni mwana wa mfalme na anajiona mwenyeji wa nchi nzima, hivyo awaite wahusika wageni wake, awaulize habari za safari, awashukuru kwa kumtunza Ireena, asipaze sauti hata mara moja kabla ya pambano la mwisho. Ismark, kaka yake Ireena, azungumze kwa ukali na uchovu wa mtu ambaye hajalala wiki nzima. Tofauti hiyo itafanya ukarimu wa Strahd uonekane kama ulivyo.

Kuna kanuni moja ya mnyonya damu ambayo kwa Kiswahili hupata nguvu ya pekee. Hawezi kuingia katika makazi ya watu mpaka akaribishwe na mmoja wa wanaoishi humo. Sisi tumelelewa kuitikia hodi bila kufikiri. Basi wahusika wakiwa wamepanga chumba katika mji wa Vallaki, usiku umeenda, mvua inanyesha, mmoja wao akiwa macho, gonga meza mara tatu na useme «Hodi» kwa sauti ya kawaida, kisha unyamaze. Usiseme ni nani, wala usieleze kama ni mlango wa chumba au wa chini. Nimeona mchezaji makini, aliyeisoma kanuni hiyo mara kadhaa, akijibu «Karibu» kabla hajajizuia. Ukilifanya hili, litumie mara moja tu katika mchezo mzima, na lisimuue mhusika. Strahd aingie, aketi, azungumze kwa muda mfupi, achukue kitu kidogo chenye maana, kama leso au barua, na aondoke kama alivyokuja. Baadaye wachezaji wataanza kuuliza kila hodi ni ya nani, na bonde lote litakuwa limebadilika machoni pao.

Baada ya hapo anaweza kuwapima kwa vita vifupi. Aje na mbwa mwitu barabarani, apigane kwa mizunguko miwili au mitatu, aone ni nani anaponya wenzake na ni nani anayetumia moto, kisha ajigeuze popo aondoke. Halafu awaandikie barua ya kuwaalika kasrini kwa chakula cha usiku. Wakikubali, gari jeusi la farasi wawili lisilo na mwendeshaji huwasubiri njiani, na ukarimu wa usiku huo uheshimiwe: wahusika wale chakula, waulize maswali, wapate majibu ya kweli. Wakikataa, asikasirike. Atume maua kwa Ireena.

Nyumba ya Mauti na hatari za barabarani

Wahusika wa daraja la 1 huanzia katika nyumba ya familia ya Durst, ambako watoto wawili, Rose na Thorn, huwaita waingie wakisema kuna kitu cha kutisha chini ya nyumba. Sehemu hii huua wahusika wengi, kwa hiyo waambie wachezaji tangu mwanzo kwamba kukimbia ni uamuzi halali na kwamba si kila mlango umewekwa ili ufunguliwe. Kuna barua ya Strahd iliyofichwa humo, ambayo anaitumia kuwadharau wenye nyumba waliojidai kuwa watumishi wake. Isome kwa sauti ile ile utakayoitumia makaburini, maana hapo ndipo wachezaji wanapomsikia kwa mara ya kwanza.

Nyumba hiyo hutoa pia hati ya umiliki wa kinu cha upepo, nayo ni mtego. Wachezaji wakijiona wana mali yao barabarani, watakwenda kuitazama wakiwa bado dhaifu, wakati ndani wanaishi wachawi watatu wa kike wanaoongozwa na Morgantha, wenye nguvu zaidi wakiwa pamoja kuliko kila mmoja peke yake, wanaosaga mifupa ya watoto na kuuza maandazi ya ndoto yanayowafanya watu wazima wawatoe watoto wao. Kitabu kinapendekeza kinu hicho kwa daraja la 4, nami naona hata hilo ni la chini. Weka dalili nje: kunguru anayewapigia kelele na kuwazuia njiani, kiatu kidogo kwenye majani, na sauti ya mtoto dirishani inayowaambia waondoke. Wakiingia baada ya hayo, wameamua wenyewe.

Kuhusu mpangilio wa safari, usiwafungie njia, lakini ujue uzito wa kila mahali. Kijiji cha Barovia kinafaa daraja la 3 na Vallaki la 4. Krezk na shamba la mizabibu la akina Martikov ni la 5, kilima cha Yester la 6, magofu ya Argynvostholt la 7, Berez la 8, kisha Hekalu la Kaharabu na kasri lenyewe la 9. Wape watu wa njiani maneno ya kuwaonya kuhusu maeneo mazito, na uwape pia maadui wanaoridhika kuwateka badala ya kuwaua.

Vallaki inahitaji maandalizi kuliko mji mwingine wowote, kwa kuwa matatizo yake yamefungana. Bwana mkubwa Vargas Vallakovich analazimisha sherehe kila wiki akiamini kwamba furaha ya amri itaukomboa mji, na anayecheka vibaya huadhibiwa. Bibi Fiona Wachter anapanga kumwangusha. Mifupa ya mtakatifu Andral, inayolilinda kanisa la padre Lucian, imeibwa, na wanyonya damu sita wamelala ndani ya masanduku kwa fundi wa majeneza wakingoja usiku wa kushambulia. Chora kalenda ya siku saba na uandike lini kila jambo litatokea wahusika wasipoingilia kati, kisha uiache iende. Mji utajiendesha wenyewe, nawe utabaki kuwa na kazi ya kuigiza watu.

Ireena asiwe mzigo

Hatari inayovizia kisa hiki ni kumfanya Ireena kuwa kitu kinachobebwa kutoka mahali hadi mahali, kila mtu akiamua habari zake isipokuwa yeye. Strahd humtazama hivyo, na wahusika wakimtazama hivyo pia, watakuwa wamemuunga mkono bila kujua. Mpe upanga, mpe maoni kuhusu njia ya kufuata, mruhusu akatae mpango wa wahusika na atoe wake. Anakumbuka vipande vya maisha ambayo hajayaishi, kama sauti ya Sergei au baridi ya ukuta wa kasri, na vipande hivyo viwe vyake kuvieleza anapotaka. Kwenye bwawa la Krezk kuna uwezekano wa roho ya Sergei kumwita waende pamoja mahali ambapo Strahd hatawafikia. Wako wanaoliondoa tukio hilo kwa sababu linamtoa mapema mchezoni. Mimi naliacha, ila namwachia Ireena uamuzi: anaweza kwenda, na anaweza kumwambia Sergei amngoje mpaka kazi iishe.

Kuhusu Wavistani, ambao wametungwa kwa kuigiza sura za Waroma wa Ulaya, matoleo ya awali yaliwachora kama walevi, wezi na wadanganyifu, na mwaka 2020 Wizards of the Coast ilirekebisha sehemu za maelezo hayo. Fuata marekebisho hayo, na uende mbele zaidi. Waigize kama jamii yenye wema na waovu wake, mfano Ezmerelda d'Avenir, mwindaji hodari wa mizimwi, ambaye mguu wake wa bandia ni ukumbusho wa vita alivyopigana.

Kasri na pambano

Kasri lina sehemu zenye namba kufikia 88, nazo hazitaki kuchezwa zote. Chagua kumi au kumi na mbili zenye maana kwa kundi lako: ukumbi wa chakula wenye kinanda, kanisa lililobomoka, mnara wenye Moyo wa Huzuni, makaburi ya chini, na chumba kilichotajwa na ramli. Ramani za mwaka 1983, zilizochorwa na David Sutherland zikionyesha vyumba kwa pembe ya juu, zilisifiwa kwa sababu ziliwafanya watu waone jinsi ghorofa zinavyopandana, na mpangilio huo huo ndio silaha ya Strahd. Ndani ya makao yake anaweza kupenya kuta, sakafu na dari.

Pambano halitakiwi kuwa watu watano kumzunguka mtu mmoja katikati ya ukumbi. Strahd ana pointi za uhai 144 na hujirudishia 20 kila zamu yake inapoanza, mradi hayuko kwenye jua wala maji yanayotiririka. Majeraha yake huchukuliwa kwanza na Moyo wa Huzuni, jiwe jekundu la kioo lenye pointi 50 linalopiga juu mnarani. Kwa hiyo agonge mmoja, apenye ukuta, apone, arudi kwa upande mwingine dakika kadhaa baadaye. Wachezaji wenye subira watatambua kwamba ni lazima wauvunje moyo ule, waulinde mwanga wa Upanga wa Jua au wa Nembo Takatifu, na walijue kaburi lake, kwa sababu akiishiwa nguvu hugeuka ukungu na kurudi kwenye jeneza lake. Akilifikia ndani ya saa mbili, hajafa. Wakati huo wote aendelee kuzungumza nao. Amkumbushe kila mmoja jambo alilolifanya bondeni, kwa jina na mahali, kutoka kwenye ile mistari mitatu uliyokuwa ukiiandika kila kikao.

Kama kuna mhusika aliyepokea zawadi za nguvu za giza katika Hekalu la Kaharabu, ambako Strahd mwenyewe alifunga mapatano yake, mzungumzishe huyo kuliko wengine. Strahd amtambue kama ndugu. Mchezaji ajibu anavyotaka, na jibu lake lisikatizwe na dadu.

Strahd akianguka, ukungu hufunguka na jua huangaza Barovia. Kitabu kinasema kwamba hatabaki mfu milele, kwa kuwa nguvu za giza humrudisha baada ya muda, lakini usiwaambie wachezaji usiku huo. Waache kwanza washuke kutoka kasrini kwa miguu. Kisha sema wewe kwa niaba ya Ireena, kama bado yupo, kwamba anabaki au anaondoka, na kwa nini. Baada yake muulize kila mchezaji, mmoja mmoja, mhusika wake amesimama wapi jua linapomfikia usoni, na ni nani aliye karibu naye.